Ndani au auti? Kuamua mistari ya badmintoni kwa simu na kompyuta

Kinyoya kimepigwa juu, kinashuka karibu na mstari wa nyuma. Mchezaji aliyekuwa akikifuata ameinua raketi, kisha ameishusha na kukiacha kitue. "Auti!" Ng'ambo ya wavu wanajibu papo hapo: "Kimegusa!" Mchezo unasimama, waliokaa pembeni wanaingilia, na pointi inachukuliwa na mwenye sauti kubwa zaidi.

Kwenye mashindano makubwa ya Shirikisho la Badmintoni la Dunia, BWF, uwanja mmoja huzungukwa na waamuzi wa mistari hadi kumi, na tangu 2014 mchezaji asiyeridhika anaweza kuomba picha za mfumo wa kamera wa Hawk-Eye zitazamwe. Kwenye kumbi zetu za klabu wachezaji ndio waamuzi wa mistari, na anayetakiwa kuamua ni yule yule aliyekuwa akirudi kinyumenyume huku macho yakiwa darini. Hahitaji kuwa mwongo ili akosee.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuweka jicho la pili kwenye mstari mmoja, kwa simu inayorekodi mwendo wa polepole, kompyuta mpakato, na programu za bure: Python pamoja na OpenCV, maktaba yake ya kuchambua picha. Nadhani umeshaandika programu ndogo ndogo za Python. Kama bado, tafuta mwenzako anayejua, wewe ushike upande wa uwanja, kwa sababu upande wa uwanja ndio wenye kazi kubwa.

Nalisema hilo kwa uchungu. Mara ya kwanza niliifunga simu kwenye ukingo wa roshani, kwenye kona ya ukumbi, ili ione uwanja mzima. Programu ilikifuata kinyoya vizuri sana, na mimi nikaridhika. Katika mechi moja ya wawili-wawili ikasema "auti" bila kusita, tukaifuata, na timu ile ikatolewa. Usiku niliitazama video fremu kwa fremu nikaona kwamba fremu iliyotumika kuamua ilikikuta kinyoya kingali hewani. Nilikwenda kuwaomba radhi wale wachezaji. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa yeyote anayenionyesha mfumo wake si "unatumia modeli gani?" bali "kamera umeiweka wapi?"

Kwa nini roshani inadanganya

Ili kugeuza nukta ya kwenye picha kuwa mahali uwanjani, kompyuta hudhani kwamba nukta hiyo iko sakafuni. Kinyoya kikiwa sentimita 5 juu ya sakafu, dhana hiyo si kweli tena. Kamera iliyo mita 3 juu na mita 9 mbali itakiona kana kwamba kimetua sentimita 15 mbele zaidi ya pale kilipo: 5 mara 9, gawa kwa 3. Mstari wa uwanja una upana wa sentimita 4 tu. Kosa moja limemeza karibu mistari minne.

Kosa hili huwezi kulifuta lote, lakini unaweza kulielekeza mahali lisipodhuru. Fundi seremala akitaka kujua kama ubao umenyooka hufumba jicho moja na kuutazama kwa urefu wake. Fanya vivyo hivyo. Weka kamera kwenye mwendelezo wa mstari wenyewe, iutazame kwa urefu. Zile sentimita 15 zitabaki, ila zitakwenda kwa urefu wa mstari, na mstari wa nyuma hauna haja ya kujua kinyoya kimetua kushoto zaidi au kulia zaidi. Unachouliza ni kimoja: kimevuka au hakijavuka?

Waamuzi wa mistari hufanya hivyo siku zote. Viti vyao huwekwa kwenye mwendelezo wa mistari yao, kati ya mita 2.5 na 3.5 nje ya uwanja. Wewe unakwenda kuikalisha simu kwenye kiti hicho.

Hatua ya 1: Anza na mstari wa nyuma, upande mmoja tu

Usianze na uwanja mzima. Mstari wa nyuma ndio wenye ugomvi mwingi, na kwa bahati nzuri ndio rahisi zaidi kwa kamera. Kinyoya kina uzito wa gramu 4.74 hadi 5.50 na manyoya 16 yanayokamata hewa. Smashi, pigo kali la kushusha, inaweza kutoka kwenye raketi kwa kasi ya kutisha (rekodi ya Satwiksairaj Rankireddy wa India, iliyopimwa Japani mwaka 2023, ni kilomita 565 kwa saa), lakini hewa hukipunguza mwendo mara moja. Kilichopigwa juu sana hushuka karibu wima, kwa kasi isiyozidi sana mita 7 kwa sekunde. Chukua namba hiyo. Hesabu za Hatua ya 3 zinaitegemea.

Hatua ya 2: Simamisha kamera

Weka stendi kama mita 3 nje ya mstari wa pembeni, na lenzi iwe kwenye urefu wa macho ya mtu aliyeketi, takriban mita 1.2. Chini zaidi ya hapo utaona vizuri kinyoya kikigusa sakafu, lakini miguu ya wachezaji itakuziba. Juu zaidi, kosa la roshani linaanza kurudi kila simu inapokuwa pembeni kidogo.

Lenzi ielekee ukingo wa nje wa mstari, si katikati yake. Kwa sheria za badmintoni mistari ni sehemu ya uwanja, kwa hiyo kinachotenganisha ndani na nje ni ukingo huo wa nje. Ili kuupata barabara, vuta uzi kutoka kwenye ukingo wa mstari mpaka chini ya stendi, kisha teremsha timazi kutoka kwenye lenzi. Timazi ikigusa uzi, umefika. Ukikosea kwa sentimita 10, usihangaike sana: kinyoya kilicho sentimita 3 juu ya sakafu kitasogezwa milimita 2.5 tu. Linganisha na roshani.

Weka mfuko wa mchanga kwenye miguu ya stendi. Mtu ataipiga teke, hilo halina shaka.

Sasa angalia pikseli. Kwa lenzi ya kawaida ya simu na video yenye pikseli 1920 kwa upana, ncha ya mbali ya mstari iko zaidi ya mita 9 kutoka kwenye kamera, na pale sentimita 4 za mstari hukaliwa na pikseli 6 hivi. Yaani pikseli moja ni zaidi kidogo ya nusu sentimita. Ni finyu. Kama simu yako ina lenzi ya pili inayovuta mara mbili, na inakubali kurekodi polepole kwa lenzi hiyo, itumie. Usitumie kule kuvuta kwa kutanua vidole kwenye kioo, maana hakuongezi chochote. Dawa nyingine ni simu mbili, moja kila ncha, kila moja ikishika nusu iliyo karibu nayo.

Hatua ya 3: Mipangilio ya kurekodi

Kinyoya kinachoshuka kwa mita 7 kwa sekunde kinasafiri sentimita 23 kati ya fremu mbili za video ya fremu 30 kwa sekunde. Kwa fremu 60 ni sentimita 12. Kwa fremu 240 ni sentimita 3. Chagua 240 kama simu inazo. Chini ya 120 utaweza kujifunza, lakini usiamue pointi ya mtu.

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1/1000 ya sekunde au fupi zaidi. Kwa 1/1000 kinyoya kinaacha ukungu wa milimita 7 kwenye picha. Kwa 1/2000, nusu yake. Picha itakuwa na giza, na ni afadhali giza kuliko ukungu. Funga fokasi na mwangaza visibadilike vyenyewe katikati ya mchezo.

Kuna jambo litakalokusumbua ambalo macho hayalioni. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za ukumbini hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Kwa fremu 240 utaiona video ikipepesa, na programu inayotafuta kilichobadilika kati ya fremu mbili itadhani ukumbi mzima umetembea. Kabla ya kulinganisha fremu, gawa mwangaza wa kila fremu kwa wastani wake wa kati. Mistari miwili ya msimbo wa programu inatosha, na itakuokoa siku nzima ya kujiuliza nini kimeharibika.

Hatua ya 4: Ifundishe kamera uwanja

Kwanza nyoosha lenzi. Chapisha karatasi ya mirabaraba kama ya sataranji, ibandike kwenye ubao, ipige picha ishirini kwa pembe tofauti, na uipe OpenCV ikokotoe jinsi lenzi inavyopinda picha. Bila hivyo mstari ulionyooka utaonekana una tumbo kidogo, na tumbo la pikseli 3 kule mwisho ni sentimita 2.

Kisha tafuta nukta za kuunganisha picha na uwanja. Uwanja una urefu wa mita 13.40 na upana wa mita 6.10, kwa mchezo wa mmoja mmoja upana ni 5.18. Mstari wa nyuma unakutana na mistari miwili ya pembeni ya wawili-wawili, miwili ya mmoja mmoja (sentimita 46 ndani kila upande), na mstari wa katikati. Makutano hayo matano yanajirudia kwenye mstari mrefu wa kuanzishia wa wawili-wawili, sentimita 76 kutoka nyuma. Jumla ni nukta kumi, na homografia, yaani hesabu ya kugeuza nukta za picha kuwa nukta za uwanja, inahitaji nne tu. Tumia zote kumi, kosa la moja litafidiwa na nyingine.

Ila usiziamini namba za kitabuni mpaka upime kwa tepu. Nimepima viwanja vilivyopakwa rangi kwa haraka ambavyo upande mmoja ulizidi mwingine kwa upana wa kidole. Uwanja unaochezewa ndio wa kweli. Andika vipimo vyake wenyewe.

Hatua ya 5: Kukiona kinyoya

Kata picha ibaki ukanda tu: mita moja ndani ya mstari na nusu mita nje. Kompyuta itafanya kazi haraka zaidi, na nusu ya vitu vya kuichanganya vitakuwa vimeondoka.

Kwa ukanda ambao kamera yake haitikisiki, anza na njia ya kale: toa fremu iliyotangulia kutoka kwenye ya sasa, baki na vilivyosogea, tupa vilivyo vikubwa mno (viatu, soksi) na vilivyo vidogo mno (vumbi la picha), kisha shika kile kinachoshuka kwa mfululizo katika fremu tano au zaidi. Viatu haviendi hivyo. Kinyoya cheupe juu ya mstari mweupe kitapotea kwa fremu moja au mbili. Hilo tutalifidia hatua inayofuata. Klabu zinazotumia vinyoya vya nailoni vya manjano zina unafuu mkubwa hapa.

Utasikia sana habari za TrackNet, mtandao wa neva uliotoka Taiwan mwaka 2019. Unatazama fremu tatu zinazofuatana kwa pamoja na kutoa ramani ya joto inayoonyesha kitu kidogo chenye kasi kilipo. Ni kazi nzuri, na toleo la pili lilitengenezwa kwa ajili ya badmintoni hasa. Lakini toleo hilo hupunguza picha kuwa pikseli 512 kwa 288, na lilifunzwa kwa video za matangazo zinazotazama uwanja mzima kutoka juu, nyuma ya wachezaji. Kwa kuchambua mbinu za mchezo linafaa sana. Kwa mstari wako, simu iliyo mita 1.2 kutoka sakafuni ni dunia nyingine. Ukitaka kulitumia, lipe ukanda uliokata badala ya picha nzima, na ulifunze upya kwa fremu mia kadhaa ulizozitia alama kwa mkono wako.

Njia yoyote utakayochagua, programu itakupa doa, na katikati ya doa ni kwenye manyoya. Kinyoya kizima kina urefu wa sentimita 8 na ushei. Kinachogusa sakafu ni koki, kile kichwa ambamo manyoya yamechomekwa. Kwa kuwa kinyoya kikishuka koki hutangulia, chukua ncha ya doa iliyo upande wa mwendo, si katikati yake. Kosa hili nimeliona kwenye kazi za watu wenye ujuzi kuliko mimi.

Hatua ya 6: Kupata mguso

Hakuna fremu itakayonasa mguso wenyewe isipokuwa kwa bahati. Utakuwa na fremu ya kabla na ya baada. Kwa hiyo usichague fremu, chora mwendo. Chukua nafasi za ncha ya koki katika fremu tano au sita za mwisho kabla ya kudunda, pitisha mstari. Chukua tatu au nne baada ya kudunda, pitisha mwingine. Pale mistari miwili inapokatana ndipo koki ilipogusa, hata kama wakati huo uko kati ya fremu mbili. Hata fremu mbili zilizopotelea kwenye weupe wa mstari hazitakuangusha.

Halafu kumbuka umbo la koki. Ina kipenyo cha milimita 25 hadi 28 na kichwa cha mviringo. Inaposimama sakafuni inagusa katikati tu, na pande zake zimening'inia hewani zaidi ya sentimita moja. Ukiitazama kutoka juu inaweza kuonekana imefunika ukingo wa mstari ilhali haijaugusa. Ukiitazama kwa urefu wa mstari unaona ule upenyo wa mwanga. Pima kutoka kwenye nukta ya mguso mpaka ukingo wa nje, kwa milimita, na uweke alama ya kutoa kwa ndani na ya kujumlisha kwa nje.

Hatua ya 7: Jaribio la chaki

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na ndiyo inayokupa haki ya kufungua mdomo mbele ya wachezaji.

Chovya koki kwenye unga wa chaki ya rangi. Simama upande wa pili, piga vinyoya vya juu vinavyoshuka karibu na mstari. Kila kimoja kitaacha alama. Mwenzako apime kwa rula umbali wa alama kutoka ukingoni, aandike, afute. Wewe usione namba zake. Fanya mara mia, ukigawa sawa ncha ya karibu, katikati na ncha ya mbali. Mwishoni weka majibu ya programu kando ya majibu ya rula.

Tuseme umeona kwamba katika mara 95 kati ya 100 tofauti haizidi milimita 15. Basi milimita 15 kila upande wa ukingo ni eneo lako la shaka. Kinyoya kikitua humo, programu haina ruhusa ya kusema ndani wala auti. Iseme "sijaona." Mwamuzi wa mstari aliyezibwa hufunika macho kwa mikono, na hakuna anayemcheka; ni ishara rasmi. Mfumo wako uwe nayo pia. Kama ncha ya mbali ina makosa makubwa kuliko ya karibu, na itakuwa hivyo, ipe eneo lake pana zaidi.

Hatua ya 8: Siku ya mechi

Kubalianeni kabla ya kinyoya cha kwanza. Utaratibu wa BWF unafaa hata kwa klabu: kila upande una maombi mawili, ukishinda ombi, unabaki nalo, ukishindwa, limekwenda. Ombi litolewe mara moja, si baada ya kushauriana na benchi. Jibu likiwa "sijaona", uamuzi wa awali unasimama. Kama hakukuwa na uamuzi wa awali, pointi irudiwe.

Onyesha picha kwa pande zote mbili, si jibu tupu. Watu hukubali kushindwa na kitu walichokiona. Na refa, kama yupo, abaki na neno la mwisho. Kuna mengi ukanda wako hauyaoni: kinyoya kilichoparuza raketi kabla ya kutoka, kilichogusa fulana, mguu uliopita chini ya wavu.

Rekodi pointi kwa pointi na kuhifadhi sekunde 10 za mwisho tu, vinginevyo simu itachemka na kujizima katikati ya seti ya pili. Kila mwisho wa seti, programu ilinganishe mahali mstari ulipo kwenye picha na mahali ulipokuwa asubuhi. Ukisogea hata pikseli 2, simamisha matumizi hadi upime upya. Na wakiwa watoto wanacheza, waombe wazazi ruhusa kabla ya kuwasha kamera. Video zisizohitajika zifutwe jioni hiyo hiyo.

Ukitaka kuongeza mistari mingine

Nyuma ni kamera mbili, moja kila upande wa wavu. Pembeni ni nne, kila moja ikishika nusu ya mstari iliyo karibu nayo. Jumla sita. Ongeza za pembeni ukiwa umeshazoea za nyuma, kwa sababu smashi inayoelekea mstari wa pembeni hufika sakafuni na kasi kubwa zaidi na kwa mshazari, fremu za kabla ya mguso zinapungua, na eneo la shaka linapanuka. Fanya jaribio la chaki la kwake, kwa smashi, si kwa vinyoya vya juu. Na mechi zikihama kutoka wawili-wawili kwenda mmoja mmoja, sogeza kila stendi ya pembeni sentimita 46 kwenda ndani, teremsha timazi upya, na upige vinyoya kumi vya chaki kabla ya kuwaita wachezaji uwanjani.